Ushuhuda Uliomfukuza Mutisya

"Mume wako yuko ndani ya tangi," Kalunde alisema.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jikoni, akipepeta mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi, na macho yake hayakutoka kwenye ungo. Kasiva alisimama pale uani na kikapu cha kyondo begani. Alikuwa amevaa gauni la samawati na kitambaa cheupe cha kichwani, sare ya akina mama wa kanisa, kama mtu aliyekuja kufungua kikao. Tangu Kasiva aolewe na kaka wa Kalunde, wifi huyu hakuwahi kumwacha asimame bila kumpa kiti. Leo kiti kilikuwa pale pale, kitupu, na hakuna aliyemwonyesha.

"Tangi gani?"

"Hilo hapo. Kwani unaona lingine?"

Tangi lilikuwa nyuma ya nyumba, jipya, la saruji, limepita urefu wa mtu, na ngazi ya mbao imeegemezwa ubavuni. Kutoka ndani ulisikika mwiko ukikwaruza ukuta, polepole, bila papara. Kasiva aliufahamu mkwaruzo ule. Angeutambua hata katikati ya mafundi kumi.

"Basi nitamngoja atoke."

"Utangoja sana. Ameanza kupiga niru asubuhi hii, ule mpako laini wa kuzuia maji, na wewe ni bibi ya fundi, unajua niru haiachwi katikati. Pale utaachia ndio maji itapitia. Na mvua ndiyo hiyo inakuja." Kalunde akapuliza makapi. "Msaidizi wake hajatokea leo. Kama una mikono, panda."

Hivyo ndivyo mwenyekiti wa akina mama, aliyezoea kupokewa kwa nyimbo kuanzia Kabati hadi Mwingi, alivyopanda ngazi ya mwashi huko Makueni, ameshika gauni kwa mkono mmoja. Juu ya tangi kulikuwa na tundu la mraba la kumtosha mtu mmoja. Akainama. Harufu ya saruji mbichi ilimpanda puani. Chini kabisa, kwenye mwanga wa kurunzi iliyotundikwa ukutani, akaona mgongo wa mumewe.

Moyo ulimruka. Miezi yote aliyokaa bila kuuona mgongo huo, alikuwa amejiambia kwamba amezoea.

"Baba Nduku."

Mwiko ukanyamaza kidogo, halafu ukaendelea.

"Baba Nduku, ni mimi."

"Nimesikia." Sauti yake ilipanda nene, yenye mwangwi, kama ya mtu mkubwa kuliko yeye. "Hapo nje kuna ndoo na kamba. Nataka saruji laini, nyepesi kama uji wa mtoto. Kama umekuja kuongea, ongea ukichanganya. Hii kitu inakauka."

Kasiva akashuka, akakunja mikono ya gauni, akachanganya. Alijua kuchanganya. Walipokuwa vijana wasio na kitu, ni yeye aliyekuwa msaidizi wa Mutisya, na nusu ya nyumba za Kabati zina jasho lake ndani. Akapandisha ndoo ya kwanza, akaiteremsha kwa kamba. Mkono wenye saruji ukaipokea bila uso wake kuonekana.

"Asante," ule mwangwi ukasema.

Neno hilo moja lilimpa tumaini kuliko lilivyostahili.

* * *

Mutisya aliondoka nyumbani baada ya Pasaka. Hakupiga kelele wala kubamiza mlango. Alichukua mwiko, pima maji na blanketi, akasema dada yake anataka kujengewa tangi, akaenda. Tangi halichukui nusu mwaka kujengwa, hilo kila mtu analijua, lakini Kasiva aliwaambia watu kanisani kwamba mzee amepata kazi nyingi Makueni, na watu wakasema Bwana asifiwe. Moyoni alijua kilichomfukuza. Alijua, ila alikuwa amekifunika vizuri, na alichokifunikia ni Neno la Mungu.

Kilichomfukuza ni ushuhuda.

Aliyelelewa kwenye makanisa ya Ukambani hahitaji kuelezwa. Unasimama mbele, unataja jina lako, unasema umeokoka na unampenda Yesu, kisha unaeleza Bwana alikutoa wapi. Mwenye kutolewa mbali hupigiwa makofi zaidi. Kasiva alilijua hilo tangu akiwa msichana wa darasa la sita kule Nuu, siku ya mkutano wa injili wa hema. Rafiki yake Kavindu alisimama akalia, akasema alikuwa akimtukana nyanya yake, na akina mama wakamzunguka wakamkumbatia mpaka akapotea katikati ya leso zao. Zamu ya Kasiva ikafika. Dhambi yake kubwa ilikuwa kulamba sukari ya wageni. Atasimama mbele ya hema zima aseme sukari? Akasema ameiba sadaka. Wee! Alikumbatiwa kuliko Kavindu. Mama yake peke yake, aliyejua kwamba mtoto huyu hajawahi kugusa kikapu cha sadaka, alimtazama kwa mbali akanyamaza.

Usimcheke sana. Alimpenda Yesu kweli, mtoto yule, na aliendelea kumpenda. Ila alijifunza mapema mno kwamba Mungu husikia yote, lakini watu husikia zaidi kilicho na machozi.

Kisha akawa mwimbaji wa kwaya, na Mutisya akaletwa Nuu kupiga lipu ukuta wa kanisa. Kila mazoezi ya kwaya, fundi huyu alipata sababu ya kurudia ukuta wa upande ule ule. Kasiva alikuwa akiimba huku amegeuza uso, lakini jicho halikugeuka. Baba yake alikataa katakata. "Fundi wa kutangatanga, hata hajui wimbo mmoja!" Jumapili moja Mutisya akaenda mbele kuokoka, na watu wakanong'ona kwamba ameokokea msichana. Labda walikuwa na haki kidogo. Lakini alipopiga magoti alilia na hakumtazama msichana yeyote, na Kasiva aliyaona hayo, akampenda kabisa.

Wakaoana. Wakampata Nduku. Halafu kazi ikapotea, pombe ikaingia, na mwaka mmoja mbaya ukapita juu yao. Ukapita ukaisha. Mutisya aliacha pombe kabla Nduku hajaanza shule, na hakuonja tena mpaka leo.

Mara ya kwanza Kasiva aliposhuhudia jambo hilo, alisema tu, "Bwana ameitembelea nyumba yangu." Makofi machache. Mara ya pili akataja pombe. Kisha ukaingia mtaro wa pale sokoni alikookotwa mumewe akiwa amejikojolea. Kukaingia kufunga. Kukaingia kukesha magotini mpaka magoti yakachubuka, na mume kuamka asubuhi akaipasua chupa mwenyewe. Akina mama walikuwa wakilia machozi ya kweli. Wake wa walevi walitoka mbali kuja kumshika mkono. Akaalikwa huku, akaalikwa kule, na Mutisya akawa anaketi nyuma ya kanisa akitazama viatu vyake.

Pasaka, katika mkutano wa hadhara, alisimulia tena. Hakujua kwamba wazazi wa Mulinge, kijana anayetaka kumwoa Nduku, walikuwa wamealikwa na wameketi safu ya tatu. Mama Mulinge alimgeukia jirani yake, akauliza kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, "Huyo ndiye baba ya msichana?" Mambo ya posa yakasimama mpaka leo. Kesho yake Mutisya akachukua mwiko wake.

* * *

"Nduku hajambo?" mwangwi uliuliza, baada ya ndoo ya tatu.

"Hajambo. Anakusalimia. Anasema hushiki simu."

"Yake nashika."

Ikamchoma hiyo, lakini akaimeza. Akaketi ukingoni mwa tundu, miguu kwenye ngazi nyingine iliyoteremka ndani, mikono yake imejaa saruji hadi kwenye viwiko.

"Baba Nduku, rudi nyumbani."

Mwiko ukaendelea.

"Nyumba imekuwa kubwa. Nikipika napika ya wawili, halafu nakumbuka. Jogoo akiwika nageuka kukuambia uamke. Nimechoka kuwaambia watu uko kazini."

"Si niko kazini?"

"Usinifanyie hivyo."

Mwiko ukasimama. "Umenikosa kweli?" sauti ikauliza, na safari hii ilikuwa ya chini, ya kwake mwenyewe, ile aliyokuwa akiitumia kwenye ukuta wa Nuu.

"Nimekukosa mpaka naona haya kusema. Mimi mtu mzima, mama ya msichana wa kuolewa, nalala na sweta yako."

Akamsikia akivuta pumzi, na Kasiva akajua kwamba neno linalofuata litakuwa jema. Angekufa kwa ajili ya neno hilo.

Simu ikalia.

Ilikuwa kwenye mfuko wa gauni. Akaitoa kwa vidole viwili, na kwa kuwa hakutaka kuipaka saruji sikioni, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuweka sauti ya nje.

"Bwana asifiwe, Mama Nduku!" Alikuwa Mama Kitonga, mwandalizi wa kongamano la akina mama la Jumamosi, mwanamke ambaye hata salamu zake zilisikika hadi ng'ambo ya bonde. "Umempata?"

"Amen. Niko naye hapa, lakini nita..."

"Utukufu kwa Mungu! Sasa sikia. Bango limetoka, ni kubwa, tumeweka ile picha yenu ya harusi. Mchungaji amesema wewe ushuhudie kama kawaida, ukifika pale kwa mtaro, mzee anapanda jukwaani. Hapo watu watalia! Lakini usimwambie mapema, unajua wanaume na aibu. Mwambie ni mkutano tu. Na avae suti, sawa?"

Kasiva aliikata simu. Alichelewa. Tangi lilikuwa limemeza kila neno na kulizungusha, na bado lilikuwa likisema suti, suti, chini kule.

Mwiko ukaanza tena. Ulikwaruza mara chache, ukakoma.

"Kwa hivyo ulikuja kunichukua niende nikaonyeshwe," Mutisya akasema.

"Hapana. Baba Nduku, hapana. Ningekuja hata bila hiyo."

"Lini?"

Kasiva alikuwa na miezi yote hiyo ya kuja, na alikuja wiki ya kongamano.

"Hiyo sweta," Mutisya akasema tena, "ni ya kweli ama ni ya Jumamosi?"

"Ni ya kweli! Mungu wangu, ni ya kweli!"

"Sasa mimi nitajua aje?" Hakuwa amepandisha sauti. Laiti angepandisha. "Unajua jina langu ni nani kule kwa mjengo, Kabati? Ushuhuda. 'Ushuhuda, leta mawe.' 'Ushuhuda, leo hujajikojolea?' Vijana ambao niliwafunza kushika mwiko. Nikacheka nao, nikasema ni sawa, ni kazi ya Mungu, mke wangu anaokoa watu. Nikameza mwaka baada ya mwaka. Lakini mama ya Mulinge aliponiangalia ile siku, niliona msichana wangu anaangalia chini. Nikasema hapana. Hii sasa imefika kwa mtoto."

"Nilikuwa nataka Mungu aonekane."

"Alionekana nani?"

Kasiva akafumba macho. Uani, Kalunde alikuwa ameacha kupepeta.

"Nikuulize kitu moja, halafu sitauliza tena," sauti ya chini ikasema. Ile asubuhi niliacha pombe, ni nani alikuwa amepiga magoti, Kasiva?"

Hakumwita Mama Nduku. Alimwita kwa jina lake, tupu, kama mtu anayemwita mshtakiwa.

"Baba Nduku..."

"Ni nani?"

"Hakuna," akanong'ona.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mama. Nuu."

"Uliniambia nini ukienda?"

"Usinifanye niseme."

"Uliniambia mimi si mwanaume. Ukafunga nguo zako. Ukasema, leo na wewe ulee. Ukaniachia Nduku."

"Alikuwa na kikohozi kidogo tu! Kidogo! Ningejua ni pneumonia, mimi ningetoka?"

"Najua. Sijawahi kukulaumu kwa hiyo. Umewahi kunisikia?" Kasiva akausikia mwiko ukiwekwa ndani ya ndoo. "Nilikuwa nimelewa. Mtoto akaanza kuvuta pumzi vibaya, mbavu zinaingia. Nikaingiza kichwa kwa mtungi wa maji. Nikamfunga mgongoni na leso yako, nikatembea mpaka zahanati. Njiani nikaanguka naye. Nikaamka, nikaanguka tena. Hapo ndio niliongea na Mungu. Sikupiga magoti, nilikuwa nimebeba mtoto. Nilimwambia, huyu akipona, sitaonja tena. Ni hiyo tu. Hakukuwa na chupa ya kupasua. Hakukuwa na mtu amefunga. Hiyo ndiyo ushuhuda yangu, Kasiva, na sijaipeana kwa mtu hata siku moja. Wewe ukaichukua, ukaivaa, na mimi ukaniacha kwa mtaro."

* * *

Kuna aibu ya kuonwa na watu, na Kasiva alikuwa ameionja hiyo mara chache, akaijua ladha yake. Hii ilikuwa nyingine. Alikumbuka aliporudi kutoka Nuu siku zile na kumkuta mumewe amenyoa ndevu, anamnywesha mtoto uji kwa kijiko. Hakumuuliza lolote. Aliogopa kuuliza, kwa kuwa akiuliza naye ataulizwa. Wiki chache baadaye alisimama kanisani akasema Bwana ameitembelea nyumba yake, na alipopigiwa makofi, hofu ile ikapoa. Kumbe kila alipoongeza kipande kingine cha ushuhuda, alikuwa akijiweka mwenyewe nyumbani asubuhi ile. Alikuwa akijipigisha magoti ambayo hakuyapiga.

Akashuka ndani ya tangi. Gauni la samawati likajifuta kwenye ukuta mbichi, likaacha alama kwenye kazi ya mtu, na hata hilo akaliona aibu. Mutisya alisimama kwenye mwanga wa kurunzi. Alikuwa amekonda. Mvi zilikuwa zimemtoka kidevuni, na Kasiva hakuwepo zilipotoka.

Hakujua la kufanya na mikono yake. Akafanya alilolijua maisha yake yote: akapiga magoti kwenye sakafu yenye unyevu, akainua mikono, akafungua kinywa.

"Baba katika jina la Yesu, twaja mbele zako..."

"Wacha."

"...tukiwa wenye dhambi..."

"Kasiva, wacha. Usiombe."

Akafumbua macho. Hakuwahi kumsikia mtu aliyeokoka akisema neno hilo. "Nisiombe?"

"Hapa, usiombe."

"Kwa nini?"

Mutisya alimtazama kwa huzuni isiyo na hasira yoyote ndani yake. "Nitajua aje hutaenda kuisimulia?"

Alitaka kuapa. Alitaka kusema, mimi? Hii? Nisimulie hii? Lakini alilolisema mumewe lilikuwa kweli. Mguu wake ulipokuwa bado kwenye ngazi, kabla hata haujagusa sakafu, kitu ndani yake kilikuwa kimeshaanza kupanga: Wapendwa, siku moja nilishuka ndani ya tangi... Kilikuwa kimeona jinsi wanawake watakavyoinua leso machoni. Hata toba yake ilikuwa na sare.

"Ni kweli," akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Nilikuwa nimeanza kuipanga."

Labda Mutisya hakutegemea kusikia ukweli upesi hivyo.

Kasiva akasimama, magoti yamelowa, akapanda ngazi. Kwenye tundu akatoa simu, akapiga. Aliacha sauti ya nje ikiwa imewashwa, na safari hii hakusingizia saruji.

"Mama Kitonga, Baba Nduku haji."

"Aa! Mwambie basi ni dakika kumi tu..."

"Na mimi siji."

Sauti ya upande wa pili ikawa laini, tamu, ile ambayo akina mama huitumia wakivuta kiti karibu. "Mama Nduku. Kumetokea nini huko? Niambie, dadangu, tukuombee."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Maneno yote yalikuwa tayari, yamejipanga mlangoni. Angeyatoa yote, na Mama Kitonga angelia, na wote Jumamosi wangelia, na yeye angekumbatiwa katikati ya leso zao mpaka apotee. Angekuwa mwenye dhambi mpendwa kuliko wote Kitui. Kasiva akaushika ukingo wa tangi.

"Ya mume wangu sina ruhusa ya kuyasema. Nilikuwa nayasema bila ruhusa. Yangu ni haya: ile kufunga, ile kukesha, haikuwa. Niliwadanganya. Siku hiyo hata sikuwa nyumbani."

"Yesu! Mama Nduku, polepole. Hii nitawaambia aje watu? Bango limetoka!"

"Waambie hivyo hivyo."

"Unajua uenyekiti..."

"Najua. Mpeni mwingine."

"Lakini kuna wamama wameshikilia ndoa zao juu ya hiyo ushuhuda yako! Kuna mmoja wa kutoka Mwingi anafunga mpaka sasa!"

Hilo hakuwa amelifikiria. Lilimpiga pale pale alipodhani pamekufa ganzi. "Nitamtafuta," akasema. "Mmoja mmoja, nitawatafuta. Nitawaungamia uongo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Akakata simu. Wako wanaosema ukiungama unahisi mwepesi. Kasiva hakuhisi hivyo. Alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na alijua kwamba kabla muthokoi wa Kalunde haujaiva, simu za akina mama kutoka Kabati hadi Nuu zitakuwa zinawaka. Mama yake mzee angesikia. Mama Mulinge angesikia, na pengine sasa angesema kwamba nyumba ile, baba alikuwa mlevi na mama ni mwongo.

Chini ya ngazi alimkuta Kalunde amesimama. Alikuwa amesikia kila kitu, na hakujisumbua kujifanya hakusikia. Akanyoosha mkono, akamvua kitambaa cheupe kichwani, akakikung'uta, akakikunja. Kisha akafungua leso yake mwenyewe kiunoni, akampa.

"Jifunge hii," alisema. "Hilo gauni limeshaharibika, lakini si lazima liharibike zaidi. Na usimpelekee saruji nzito kama ile ya mwisho. Nilikuwa nakuangalia."

* * *

Wakarudi kazini. Kasiva alichanganya, akateremsha ndoo, akashuka nayo mwenyewe ngazi ilipokuwa rahisi kuliko kamba. Mutisya alipofika mahali gauni lilipokwaruza, alipitisha mwiko juu yake mara mbili, akapasawazisha. Mwishoni ilibaki sehemu ya chini, na hapo akahitaji mtu wa kumshikia kurunzi. Kasiva akachuchumaa kando yake, akashika.

Walikuwa karibu sasa kuliko walivyokuwa kwa muda mrefu. Bega lake liligusa la mumewe, akaliondoa haraka, akiona hana haki nalo. Baada ya kitambo, bega la Mutisya lilisogea kufuata mwanga, likagusana na lake tena. Halikuondoka. Kasiva hakuthubutu kujiuliza kama ni mwanga ama ni yeye. Alikaza macho ukutani, machozi yakimdondoka yenyewe bila sauti, na hakuyafuta maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Mutisya alifikisha mwiko mwisho. Akaukagua mshono wa ukuta na sakafu kwa kidole, kisha akageuka kumtazama mkewe, akamtazama kwa muda.

"Umesema nini?" akauliza.

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nimeona midomo ikienda."

Kasiva akainamisha kichwa. "Nilikuwa naongea na Mungu."

"Ukamwambia nini?"

Alifungua kinywa kujibu, kwa mazoea tu. Kisha akakifunga. Akainua macho, mekundu, yenye haya hadi kwenye kope, akamtazama mumewe.

"Sitakuambia," akasema.

Mutisya alibaki na mwiko hewani. Uso wake ulianza kubadilika taratibu, ukapinga, ukashindwa, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha zamani, kikajaa tangi zima na kurudi kwao kutoka kila upande. Kasiva naye akacheka huku akilia. Juu yao, kwenye tundu, kichwa cha Kalunde kikajitokeza.

"Nyinyi! Kuna nini huko?"

Hakuna aliyemjibu.